Gitaa Lilipoanguka Singida: Historia ya Mkanda na Kifungo Chake

Nilikuwa darasa la sita, wilaya ya Ikungi, mkoani Singida, nilipoangusha gitaa la besi la kwaya bila hata kuligusa.

Ilikuwa hivi. Kwaya yetu ilikuwa inajiandaa kwenda kwenye tamasha Singida mjini. Vyombo vilikuwa vinne: solo, ridhimu, besi na kinanda. Besi ndiyo ilikuwa mpya, imenunuliwa kwa michango na kwa magunia ya alizeti yaliyouzwa na wanakwaya msimu mzima. Kazi yangu mimi ilikuwa kubeba nyaya na kufuta vyombo vumbi. Jioni ya kuamkia safari nikauona mkanda wa besi, wa ngozi ya ng'ombe, umekakamaa na kupauka kwa ule upepo wetu wa kiangazi. Nikaona aibu. Nikachukua mafuta ya alizeti jikoni kwa mama, nikaupaka mkanda wote, mpaka kwenye matundu yake. Ukang'aa kweli.

Kesho yake, katikati ya wimbo wa pili, kwaya ikageuka kulia kwa ule mtindo tuliofundishwa, na mpiga besi naye akageuka. Mkanda ukachomoka kwenye pembe ya juu ya gitaa. Kichwa kikatangulia chini, sakafu ya saruji, na shingo ikapasuka. Wimbo uliendelea bila besi. Tuliporudi kwenye gari mwalimu wa kwaya alisema maneno machache tu: "Ule mgeuko ndio uliotuponza." Mimi nikanyamaza kimya.

Leo nasoma shahada ya uzamili, na sehemu kubwa ya kazi yangu inahusu nguvu za vitu na jinsi vinavyokatika. Nimejiuliza mara nyingi swali moja: inakuwaje chombo cha thamani ile kining'inizwe kwa tundu la ngozi na kifungo kimoja kama cha shati? Ili kulijibu inabidi turudi nyuma, kwa sababu mkanda wa gitaa una historia yake.

Zamani mwanamuziki alikaa

Anza na jambo ambalo ni rahisi kulisahau: ala nyingi za nyuzi zilitengenezwa kwa ajili ya mtu aliyekaa. Tazama taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Ikhwani Safaa kilianzishwa mwaka 1905. Mpiga udi hukaa kwenye kiti, akaupakata udi wake mapajani. Mpiga nyatiti wa Kijaluo hukaa kwenye kigoda kifupi, na nyatiti yenyewe ikawa imelala ardhini mbele yake. Zeze la majirani zetu Wagogo linaweza kupigwa mtu akiwa amesimama, lakini ni jepesi, na huegemezwa mwilini likashikwa kwa mkono.

Gitaa la Ulaya lilikuwa hivyo hivyo. C. F. Martin alipofungua karakana yake New York mwaka 1833, magitaa ya wakati huo yalikuwa madogo na mepesi, ya kupigwa sebuleni. Gitaa lilishikwa na sehemu tatu za mwili: paja chini, kifua nyuma, na mkono wa kulia juu. Sehemu tatu zinatosha kabisa kutuliza kitu kisiyumbe. Kwa maneno mengine, kiti ndicho kilikuwa mkanda.

Aliyetaka kusimama alijitafutia njia yake. Njia ya kawaida ilikuwa kufunga kamba kwenye kichwa cha gitaa, karibu na vigingi vya kukazia nyuzi, kisha upande wa pili wa kamba ukashikwa na kijiti kifupi kilichochomekwa kwenye makalio ya gitaa. Hata leo ukienda dukani utaona magitaa makavu yenye kifungo kimoja tu, kile cha nyuma. Hayo ni mabaki ya enzi hizo.

Ala iliyotembea: beni na reli

Hapa Afrika Mashariki, walioizoesha watu ala nzito iliyofungwa mwilini kwa mikanda huku mpigaji akitembea kwa hatua za pamoja ni wanajeshi na waigaji wao. Mwishoni mwa karne ya 19, kwenye pwani ya Kenya, vijana walianza kucheza beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi za Wazungu: sare, vyeo, gwaride, na ngoma kubwa iliyoning'inia kifuani kwa mkanda. Vita Kuu ya Kwanza ilipofika, askari na wapagazi waliisambaza hadi bara. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni, kilichotoka mwaka 1975, akionyesha kuwa haikuwa mchezo wa kuiga tu. Ilikuwa ni namna ya watu kujipanga, kushindana na kusaidiana.

Reli nayo ilichangia. Reli ya Kati ilifika Dodoma mwaka 1910 na Tabora mwaka 1912, ikipita Manyoni, ambayo leo ni wilaya ya mkoa wa Singida. Askari, makuli, makarani na wafanyabiashara walipita hapo hapo, na mitindo yao ya muziki ikasafiri nao.

Angalia vizuri mkanda wa ngoma ya gwaride. Mara nyingi una ndoano ya chuma inayonasa kwenye pete ya chuma. Mkanda wa bunduki ni hivyo hivyo: pete na kibano. Jeshi halikuacha uzito wa chombo utegemee tundu la ngozi peke yake. Kumbuka hilo, tutalirudia.

Umeme ulimwinua mpigaji

Gitaa lilienea sana kwetu kabla na baada ya Vita Kuu ya Pili. Dar es Salaam Jazz Band ilianza mwaka 1932. Vita vilipokwisha, askari wa King's African Rifles walirudi kutoka Burma na kwingineko, wengine wakiwa wamejifunza gitaa huko. Fundi Konde wa Kenya, aliyetumika kwenye kikundi cha burudani cha jeshi, anatajwa miongoni mwa watu wa kwanza wa eneo letu kupiga gitaa la umeme.

Na umeme ndio uliobadilisha kila kitu. Gitaa kavu linahitaji sanduku lenye uwazi ili sauti ikue. Gitaa la umeme halihitaji sanduku, sauti inakuzwa na amplifaya, kwa hiyo mwili wake unaweza kuwa ubao mzima usio na uwazi. Matokeo yake ni uzito. Gitaa kavu lina kilo 2 hivi. Gitaa la umeme la ubao mzima lina kilo 3 na nusu hadi 4, na mengine huzidi. Tena ni jembamba na lina umbo la ajabu, hivyo halitulii vizuri pajani kama lile la zamani.

Mwaka 1951, huko Fullerton, California, Leo Fender alitoa gitaa la besi aliloliita Precision. Kabla yake, mpiga besi alisimama nyuma ya besi kubwa ya mbao iliyoegemea sakafuni. Uzito wote ulibebwa na sakafu. Sasa besi ikahamia begani kwa mtu.

Fender alifanya jambo la akili kwenye umbo la ala hiyo. Shingo ya besi ni ndefu na ina vigingi vizito mwishoni. Ukiitundika vibaya, kichwa kitazama chini kama mzani uliowekewa jiwe upande mmoja. Kwa hiyo aliirefusha pembe ya juu ya mwili, akaweka kifungo cha mkanda kwenye ncha yake. Kifungo kikasogea kuelekea katikati ya chombo kizima, kitovu cha uzito kikabaki kati ya vifungo viwili, na besi ikatulia. Ile pembe ndefu ambayo wengi wetu tunadhani ni urembo, kumbe ni hesabu.

Lakini kuhusu namna ya kuufunga mkanda wenyewe, hakuna kikubwa kilichobadilika. Skrubu moja, kifungo chenye kichwa kipana na shingo nyembamba, na ngozi yenye tundu lililochanwa kidogo juu yake. Ni teknolojia ya shati, imepewa mzigo wa kilo 4.

Gitaa la shirika, gitaa la kanisa

Tanzania ilipopata uhuru, muziki wa dansi ukawa na umbo lake la pekee. Bendi nyingi zilimilikiwa na taasisi. NUTA Jazz, ya chama cha wafanyakazi, ilianzishwa mwaka 1964. Polisi na jeshi walikuwa na bendi zao. Morogoro Jazz, iliyoanza mwaka 1944, mwaka ule ule aliozaliwa Mbaraka Mwinshehe, ilikuwa na nguvu kiasi kwamba mwaka 1970 ilikwenda kuiwakilisha nchi kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, Japani.

Kwa wanamuziki wengi wa bendi hizo za taasisi, gitaa halikuwa mali yao. Lilikuwa la shirika, la chama, la jeshi. Ukiacha kazi, unaacha na gitaa. Vifaa vilitoka nje ya nchi, na baada ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokuwa adimu, kupata hata nyuzi mpya ilikuwa shughuli. Katika hali hiyo, gitaa lililoanguka lilikuwa mali ya wengi, na kulirudisha kungeweza kuchukua miaka.

Makanisani, na hasa huku kwetu, hali ni hiyo hiyo mpaka leo. Singida ina historia ndefu ya muziki wa kanisa. Mmisionari wa Kilutheri Howard Olson, aliyeichunguza kwa kina lugha ya Kirimi, yaani Kinyaturu, alikusanya nyimbo zenye sauti za kiasili zikaingia kanisani kupitia kitabu cha Tumshangilie Mungu. Baadaye kwaya zikaongeza magitaa, na kwaya za sasa haziimbi zimesimama kama miti. Zinacheza. Mpiga besi anayecheza na kwaya anageuka, anainama, anarudi nyuma hatua mbili. Yule mtu wa sebuleni wa 1833 asingemwelewa.

Na gitaa analolipiga ni la akina mama waliouza alizeti. Hilo ndilo linalonifanya niandike juu ya skrubu moja na tundu moja.

Kwa nini linachomoka

Sasa tuingie kwenye fizikia, taratibu.

Besi ya kilo 4 ina uzito wa nyutoni 40 hivi. Kwanza bega. Kamba ya katani yenye upana wa sentimita 1, ikilala begani kwa urefu wa sentimita 20, inagusa eneo la sentimita za mraba 20. Kila sentimita ya mraba inabeba nyutoni 2. Mkanda wa upana wa sentimita 5 unagusa eneo la sentimita za mraba 100, na kila moja inabeba nyutoni 0.4. Uzito ni ule ule, kanieneo imepungua mara tano. Ndiyo maana kamba inakata bega na mkanda mpana haukati.

Sasa kifungo. Gitaa likining'inia vizuri, mkanda unavuta ubavuni mwa shingo ya kifungo. Ngozi inabanwa kwenye shingo ile, kuna msuguano, na kichwa kipana kinazuia njia. Katika hali hiyo gitaa haliwezi kuanguka kirahisi, hata likiwa zito. Uzito wenyewe unasaidia kulifunga.

Hatari inakuja mkanda unapolegea. Umeinama kuokota waya, umekaa kidogo mhubiri anaposema, umegeuka ghafla na besi ikaruka kidogo kutoka kifuani. Kwa sekunde hiyo moja hakuna mvuto, hakuna msuguano. Kinachouzuia mkanda usivuke kichwa cha kifungo ni ukakamavu wa ngozi peke yake. Ukirudi wima, uzito unarudi, lakini tundu limeshapanda juu ya kichwa. Ndipo linachomoka. Kwa hiyo lawama tunayoutupia uzito, mara nyingi ni ya ulegevu.

Na ngozi? Ngozi ni wavu wa nyuzinyuzi za protini iitwayo kolajeni. Mafuta yakiingia kati ya nyuzi hizo, zinateleza moja juu ya nyingine, ngozi inalainika. Kwa sehemu inayolala begani ni jambo jema. Kwenye tundu ni balaa: umepunguza msuguano na umeondoa ukakamavu kwa mpigo mmoja. Isitoshe, mafuta ya alizeti ni ya aina inayokauka nusunusu yakikaa hewani, hivyo baada ya muda huacha utando unaonata na kushika vumbi. Kijana wa darasa la sita hakuyajua hayo.

Kuna na mlango wa tatu wa ajali: skrubu yenyewe. Skrubu hushika vizuri ikiingia kukata nyuzi za mbao, na hushika vibaya ikiingia kufuata nyuzi, kama msumari unaopigwa kwenye kichwa cha gogo. Skrubu ya nchani mwa pembe, kwenye magitaa mengi, inafuata nyuzi. Ongeza hali yetu ya hewa: mvua msimu mmoja tu, halafu miezi mingi ya ukavu na upepo. Mbao inasinyaa, inavimba, inasinyaa tena, na skrubu inalegea pole pole bila mtu kuona.

Dawa zilizobuniwa

Tangu miaka ya 1980 kumekuwa na vifaa maalumu vya kufungia mkanda. Vinavyojulikana zaidi ni vya kampuni ya Kijerumani ya Schaller: kipande cha chuma chenye umbo la kwato kinakumbatia kifungo, na kijipini chenye springi kinaingia katikati ya kifungo na kukifunga. Hata kijipini kikishindwa, kwato bado inabeba uzito mradi mkanda umevutika. Udhaifu wake ni nati inayoshika kipande cha upande wa mkanda. Ikilegea bila kukazwa, umerudi ulipoanza.

Eddie Van Halen wa Marekani hakutumia kifaa cha namna hiyo kwa miaka mingi. Alichomeka skrubu zenye jicho kwenye gitaa, akanasa mkanda kwa ndoano zenye kibano. Unaona? Ni ule ule mkanda wa bunduki na wa ngoma ya gwaride. Wengine huko Ulaya na Marekani hutumia pete nyekundu ya mpira inayotoka kwenye chupa za bia ya Grolsch. Mkanda ukishavaa kifungo, pete inavalishwa juu yake. Sasa tundu la ngozi haliwezi kupanda kichwa hata mkanda ukilegea.

Huku kwetu hatuna haja ya chupa hizo. Chukua tyubu ya baiskeli iliyokwisha kazi, kata duara la ukubwa wa shilingi mia mbili, toboa katikati tundu dogo kuliko kichwa cha kifungo, halafu livalishe kwa nguvu juu ya mkanda. Kama tyubu ni nyembamba, weka mbili. Kipande cha kandambili nacho kinafaa, ingawa kinakatika upesi. Gharama yake ni sifuri na kazi ni dakika tano.

Skrubu ikiwa inacheza, usihangaike kuikaza tu. Itoe, jaza tundu njiti za kiberiti zilizokatwa vichwa na kupakwa gundi ya mbao, acha usiku kucha, kisha irudishe. Kama una mkanda wa ngozi, lainisha sehemu ya begani, ila matundu yaache makavu. Tundu likishachanika, usilishone; hamishia mbele kwenye ngozi nzima na utoboe jipya.

Kulia tena

Desemba iliyopita nilikwenda kumsalimia mwalimu wa kwaya. Amestaafu sasa. Baada ya shikamoo na chai nikamweleza yote, mafuta, jiko la mama, mkanda uliong'aa. Alicheka mpaka akavua miwani.

"Kumbe! Mwanangu, unajua tangu siku ile sikuwahi kuwaruhusu wageuke kulia? Nilisema mgeuko ndio ulioangusha besi."

Alikuwa amekosea nusu na kupatia nusu. Mgeuko ulilegeza mkanda, mafuta yakamaliza kazi. Lakini kwa kuwa nilinyamaza, na kwa kuwa hakuna aliyeuchunguza ule mkanda, kwaya nzima ililipa kwa miaka kumi na mitatu ya kugeuka kushoto tu, na tundu lile lile la ngozi likabaki vile vile likingoja mtu mwingine.

Nilikata vipande vinne vya tyubu kabla sijaondoka, viwili vya besi na viwili vya solo. Jumapili iliyofuata kwaya iligeuka kulia.

Kama nawe unapiga gitaa, fanya jaribio hili leo: livae, shika mwili wa gitaa kwa mkono mmoja, linyanyue hadi mkanda ulegee kabisa, kisha litikise kidogo ukiwa juu ya godoro. Mkanda ukitoka, bora umejua ukiwa juu ya godoro.